Diski inagonga, tajiri anasema duka halifungwi

Shikamoo Fundi,

Naomba jina langu usiliandike, maana Kariakoo ni ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Nafanya kazi kwenye duka la jumla la dawa na vifaa tiba, upande wa Gerezani. Niliajiriwa kama karani wa ankara, lakini kwa kuwa nina stashahada ya kompyuta, kila kinachochomekwa ukutani kimekuwa changu: printa, kamera, mashine ya EFD, hadi feni. Kubwa kuliko vyote ni seva. Ilinunuliwa 2011, inatumia Windows Server 2008 R2, na imewekwa stoo chini ya ngazi katikati ya maboksi ya glavu. Ndani yake kuna programu moja tu ya maana, inayotunza stoo, ankara na madeni ya wateja wa mikoani. Kijana aliyeiandika alienda zake nje ya nchi miaka mingi iliyopita, simu yake haipatikani, na CD ya kuisakinisha hakuna aliyewahi kuiona.

Seva ina diski mbili za GB 500 zilizofungwa reidi ya kioo, yaani kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa na kwenye ya pili. Moja ilikufa miezi minane iliyopita. Niliripoti. Tajiri akauliza, "Kwani duka limesimama?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi tuangalie mwisho wa mwezi." Mwisho wa mwezi umeshapita mara nane.

Wiki iliyopita hii iliyobaki imeanza kutoa sauti: tk, tk, tk, kimya, tk. Ankara iliyokuwa ikitoka papo hapo sasa inachukua dakika nzima, mteja kasimama kaunta ananitazama. Kwenye kumbukumbu za Windows kuna mistari mingi ya tukio namba 7, ya kwamba diski ina bloku mbovu. Programu ya kadi ya reidi, ile inayoziongoza diski hizo, ilionyesha Jumatatu kuwa sekta 40, vile vipande vidogo vya diski vinavyobeba data, zimehamishwa. Leo Jumatano asubuhi ni 312. Cha kunichanganya, chini kabisa inaandika kwamba hali ya diski kwa jumla ni nzuri.

Bekapu tunayo, au nilidhani tunayo. Mama mhasibu huichukua kila Ijumaa kwenye flashi na kuitia kwenye pochi yake. Jana nilimwomba niiangalie. Kuna faili moja ya KB 2. Miaka yote hii amekuwa akinakili ile ikoni ya kubonyeza kufungulia programu, si programu yenyewe wala data.

Nimeuliza mafundi watatu. Wa kwanza anasema nichomeke diski mpya kwenye nafasi ya ile iliyokufa, kioo kitajijenga chenyewe. Wa pili anasema niwashe seva upya niiache Windows isahihishe diski kwa chkdsk. Wa tatu anasema niitie diski kwenye mfuko wa plastiki niilaze kwenye friza usiku mmoja. Tajiri anasema nifanye nitakavyo ila duka halifungwi, tarehe 20 ritani ya VAT inatakiwa, na habari ya seva mpya hataki kuisikia.

Nianze wapi? Na jambo moja zaidi, nishauri kama mzazi. Tangu ile diski ya kwanza ife, kadi ya reidi ilikuwa inapiga kelele na taa ya rangi ya chungwa inawakawaka. Kelele niliizima mimi. Taa niliibandika plasta, hizi hizi tunazouza, kwa sababu kila aliyeingia stoo alikuwa ananiuliza. Nimwambie tajiri?

Binti yako,
Asiyelala, Kariakoo

*

Marahaba, binti yangu.

Barua yako niliisoma Jumatano usiku nikakujibu pale pale kwa simu, mistari mitatu: usiizime, usiiwashe upya, chapisha orodha ya madeni kwenye karatasi. Diski haisubiri safu itoke. Hapa naeleza kwa nini, na nini kifuate, kwa ajili yako na kwa wengine wote wenye seva chini ya ngazi. Nawajua mko wengi.

Ukibakiwa na uniti mbili za LUKU na usiku ndiyo kwanza unaingia, hupigi pasi. Diski yako iko hapo. Kila inaposoma, inakula uniti. Ukiitumia kujipima inakula, ukiiambia ijitengeneze inakula zaidi, na antivairasi inayokagua mafaili yote saa nane usiku inakula bila hata kukuuliza (hiyo izime leo). Matumizi halali ya kilichobaki ni moja tu: kutoa data ndani na kuipeleka kwenye chombo kingine. Mafundi wako watatu wametofautiana kwa kila kitu, lakini wote wamekushauri upige pasi.

Nianze na wa friza, kwa kuwa ndiye rahisi. Ushauri huu nimeusikia tangu nikiwa kijana na bado unatembea mjini. Nunua soda baridi hapo Msimbazi uiweke juu ya kaunta, uihesabie dakika tano. Yale maji yanayotiririka kwenye chupa ndiyo yatakayokuwa juu ya sahani za diski yako ikitoka friza na kukutana na hewa ya Dar es Salaam. Sahani hizo zinazunguka, kwa diski nyingi za aina yako, mara 7,200 kwa dakika, na kichwa kinachosoma kinaelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache tu. Unywele wako ni mnene kuliko nafasi hiyo maelfu ya mara. Tone la maji hapo ni jabali. Na mifuko yenyewe ya plastiki ilipigwa marufuku 2019, sijui fundi huyo bado anaipata wapi.

Wa chkdsk ana nia njema na ndiye atakayekuumiza. Programu ile ilitengenezwa kurekebisha mpangilio wa mafaili kwenye diski nzima ya afya, kwa mfano umeme ulipokatika katikati ya kuandika. Haikutengenezwa kuuguza chuma. Ukiiagiza itafute sekta mbovu, itaisoma diski kutoka mwanzo hadi mwisho, itang'ang'ania kila penye jeraha, kisha itaandika masahihisho yake juu ya diski ile ile inayokufa. Ikikuta kipande cha orodha ya mafaili hakisomeki, inaweza kuamua kwamba mafaili yaliyokuwa hapo ni takataka, ikayakata. Na kabla ya hayo yote umeshaizima mashine iliyokuwa inazunguka karibu mfululizo tangu 2011. Zipo diski za umri huo ambazo huzimwa zikiwa hai, zikapoa, zikagoma kuzunguka tena.

Huyu wa kwanza ndiye ninayetaka tukae naye, kwa sababu anasema kitu cha kitabuni kabisa. Reidi ya kioo ilibuniwa hivyo: moja ikifa, weka mpya, kadi inanakili kutoka iliyo hai kwenda mpya. Ungefanya hivyo miezi minane iliyopita ningekupigia makofi. Tatizo ni kwamba leo iliyo hai nayo ni mgonjwa. Kadi ya reidi ikianza kujenga kioo itaisoma kwa mfululizo sekta ya kwanza hadi ya mwisho, na haina subira: ikikutana na sehemu isiyosomeka itarudia na kurudia, diski ikichelewa kujibu kadi itaihesabu kuwa imekufa na kuitoa nje. Hapo utakuwa na mpya iliyojaa nusu, mgonjwa aliyefukuzwa, na duka lililosimama saa nne asubuhi. Haijui kuruka jeraha ikachukue kwanza kile kizuri. Unahitaji kitu kinachojua kuruka, na tutakifikia.

Kabla ya hapo, namba zako. Kila diski ina akiba ya sekta za pembeni. Sekta ikichakaa, diski inaifunga na kuhamishia kazi kwenye akiba, kimya kimya, na kuhesabu. Diski kuwa na chache zilizohamishwa na kubaki hapo hapo miaka miwili si habari ya kukimbiza mtu. Ya kukimbiza ni mwendo: 40 Jumatatu, 312 Jumatano. Yale maandishi kwamba hali ni nzuri kwa jumla yapuuze. Hutolewa kwa kulinganisha na kikomo alichoweka mtengenezaji, na kikomo hicho kiko mbali mno. Mwaka 2007 watafiti wa Google walitoa matokeo ya kufuatilia diski zao zaidi ya 100,000. Waliona kwamba diski ikishaonyesha kosa lake la kwanza inapojikagua uso wake, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 unakuwa mara 39 ya ule wa diski isiyo na kosa. Waliona pia kwamba zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa zimetoa hata moja ya ishara nne kuu za hatari walizozitazama. Kwa hiyo diski ikilia, iamini. Ikinyamaza, usiiamini sana. Yako inalia kwa sauti.

Sasa kazi. Nimekwambia uchapishe madeni kwanza na najua ulicheka: mtaalamu wa kompyuta anaagiza karatasi. Lakini fikiria ni nini humo ndani kisichorudi. Stoo mnaweza kuihesabu upya usiku mmoja, watu sita na chai ya kutosha. Ankara zilizokwisha kulipwa zina risiti za EFD. Ila nani wa Songea anadaiwa shilingi ngapi, tangu lini, na amepunguza kiasi gani, hilo liko kwenye diski hiyo tu na kwenye kichwa cha mdaiwa, na kichwa cha mdaiwa kina namna yake ya kusahau. Ukimaliza kuchapisha, mtumie kila mteja salio lake kwa WhatsApp: "Kwa hesabu zetu hadi leo unadaiwa kiasi hiki, tafadhali thibitisha." Kila atakayejibu "sawa" amekutengenezea nakala ya daftari lako kwenye simu mbili, yako na yake, na hakuna aliyejua kwamba seva inaumwa.

La pili ni hifadhidata yenyewe. Programu nyingi za aina hiyo zilizoandikwa miaka ile zilikaa juu ya SQL Server Express, programu ya bure ya Microsoft ya kutunza hifadhidata. Angalia kwenye orodha ya huduma za Windows kama ipo. Kama ipo, usijaribu kunakili mafaili yake kwa mkono huku inafanya kazi, yamefungwa, yatakataa. Nunua diski ya nje, ichomeke kwenye USB, kisha iagize hifadhidata ijitoe nakala yenyewe moja kwa moja huko nje kwa amri ya BACKUP DATABASE. Duka likiwa linauza inawezekana, utaona tu uzito kidogo. Nakala itakuwa ndogo kuliko unavyohofia: toleo la Express la 2008 R2 lenyewe halikuruhusu hifadhidata kuzidi GB 10. Ikisimama katikati kwa kosa, rudia mara moja na nyongeza ya WITH CONTINUE_AFTER_ERROR, ambayo huiambia ivumilie kurasa zilizoharibika iendelee. Ikikataa hata hivyo, usiibembeleze mara ya tatu. Toa jedwali moja moja, la madeni likitangulia, kisha iache. Kilichobaki kitachukuliwa Jumamosi.

Na usiishie kwenye data. Nakili folda nzima ya programu, na mipangilio ya printa, na chochote kilichoandikwa na yule kijana. Data bila programu ya kuisomea ni kama ufunguo wa nyumba iliyokwishabomolewa.

Jumamosi mkishafunga ndipo pasi inapigwa. Tajiri anasema duka halifungwi. Mwambie kuna masaa kati ya Jumamosi jioni na Jumatatu asubuhi ambayo tayari limefungwa, hayo ndiyo unayoyaomba. Hukuniambia habari ya UPS, lile boksi la betri linaloshikilia umeme ukikatika, na ukimya huo nimeuelewa. Azima moja yenye betri nzima, hata kwa jirani. Katikati ya kazi hii umeme ukikatika utalia. Weka diski wazi, mbali na maboksi, feni ikiipulizia moja kwa moja.

Unachohitaji ni kompyuta nyingine ya mezani yenye nafasi mbili za SATA (soketi ya kawaida ya diski), flashi yenye Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ya kuwashia bila kusakinisha, diski mpya isiyo ndogo kuliko ya zamani, na programu iitwayo ddrescue. Ni ya bure. Hii ndiyo inayojua kuruka. Inachukua kwanza sehemu zote zinazosomeka kwa urahisi, ikikuta jeraha inaliacha na kusonga mbele, na kila inachofanya inakiandika kwenye faili la ramani. Umeme ukikatika au diski ikigoma, unaanza tena pale ilipoishia. Baada ya kizuri chote kuwa salama ndipo inarudi kwenye majeraha, moja moja, kwa taratibu.

Kama diski zako ni SATA, mgonjwa anaingia kwenye kompyuta hiyo moja kwa moja. Kama ni SAS, aina ya diski za seva, soketi itakataa. Basi washa seva yenyewe kwa flashi ya Linux na usome kupitia kadi yake. Kisha, kabla hujagusa chochote, andika:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL

Linganisha namba ya mfululizo iliyo kwenye skrini na iliyo kwenye lebo ya diski. Kama zote mbili ni GB 500, zinafanana kama mapacha, na amri inayofuata haina huruma. Inayotangulia ni inayosomwa, inayofuata ni inayoandikwa. Ukizigeuza utakuwa umemwaga utupu wa diski mpya juu ya miaka yote ya duka. Mwite mtu wa pili akusomee namba kwa sauti, hata kama ni mlinzi. Mimi nina miaka mingi kwenye kazi hii na bado namwita mtu.

Tuseme mgonjwa ni sda na mpya ni sdb:

ddrescue -f -d -n /dev/sda /dev/sdb ramani.map

Hiyo ni raundi ya kwanza, ya kuchukua kizuri tu. Ikiisha:

ddrescue -f -d -r3 /dev/sda /dev/sdb ramani.map

Hiyo inarudi kwenye majeraha, ikiyajaribu mara tatu. Faili la ramani lihifadhi kwenye flashi ya pili. Linux ya kuwashia kwa flashi huweka vitu kwenye kumbukumbu ya muda, ukizima ramani inapotea na unaanza upya kwa mgonjwa aliyechoka zaidi. Nimeona mtu mzima akikaa chini sakafuni kwa kosa hilo.

Diski nzima ya afya ya GB 500, ikisoma MB 80 kwa sekunde, ingemaliza chini ya saa mbili. Yako inaweza kuchukua usiku kucha, pengine na Jumapili mchana. Usikae kuitazama kila dakika. Ikigonga mfululizo na kompyuta isiione tena kabisa, zima, iache. Usiizimewashe-zimewashe ukitumaini. Hapo kichwa chenyewe kinaweza kuwa kimeharibika, na kila ukiiwasha kinaweza kuwa kinakwangua sahani. Baada ya hapo ni kazi ya maabara yenye chumba kisicho na vumbi, kwa gharama ambayo tajiri ataipima na ile orodha ya madeni. Na mtu asikufungulie diski mezani, hata kama ana bisibisi nzuri.

Ikiisha salama, mgonjwa mtoe, umweke pembeni. Kuanzia hapo masahihisho yote yanafanywa kwenye nakala, na hata hiyo itolee nakala nyingine kwanza. Huyo fundi wa chkdsk sasa ana ruhusa. Hifadhidata ikague kwa DBCC CHECKDB. Itakapokwambia kwamba kuna njia ya kuirekebisha iitwayo REPAIR_ALLOW_DATA_LOSS, soma jina lake mpaka mwisho kabla hujabonyeza: imekubali kupoteza data na imekwambia wazi.

Swali la seva mpya nalipita haraka, kwa kuwa hujaniuliza, umenieleza tu kwamba hutakiwi kulitaja. Nakala hiyo inaweza kuendeshwa kama mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta ya kisasa, programu ya yule kijana isijue hata kama imehama. Msaada wa Windows Server 2008 R2 uliisha tarehe 14 Januari 2020, kwa hiyo iendeshe kwenye mtandao wa ndani ya duka tu, intaneti isiione. Na mkinunua diski za kioo kipya, msichukue mbili za boksi moja. Zako zilizaliwa siku moja, zikakaa joto moja, zikapigwa na umeme mmoja. Ya pili kufuata ya kwanza si mkosi.

Bekapu sasa. Mama mhasibu usimwaibishe. Amefanya alichoambiwa, kila Ijumaa, kwa uaminifu ambao watu wengi wa kompyuta hawana. Hakuna aliyewahi kumwonyesha jinsi ya kuijaribu. Mpe kazi ile ile lakini ya kweli: nakala ijitoe yenyewe usiku kwenye kompyuta ya pili, yeye Ijumaa achukue diski ya nje iliyofungwa kwa nywila aende nayo nyumbani. Isilale Kariakoo. Sote tunakumbuka soko lilivyoungua Julai 2021. Bekapu iliyo kwenye droo ya ghorofa ile ile ingeungua pamoja na seva. Na mara moja kwa mwezi, fungueni nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine mtafute mteja mmoja mnayemjua. Mkimkuta na deni lake, ni bekapu. KB 2 haina mteja.

Tajiri. Usimweleze sekta wala reidi. Yeye aliuliza swali la maana kabisa: "Kwani duka limesimama?" Mjibu kwa lugha hiyo hiyo. Mpelekee ile karatasi ya madeni uliyochapisha, jumla yake ikiwa chini, umwambie: "Tajiri, hizi ndizo hela zetu zilizo nje. Jumatano asubuhi zilikuwa mahali pamoja tu, kwenye kitu kinachogonga." Kisha nyamaza. Akileta habari ya mwisho wa mwezi, mkumbushe kwamba Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inamtaka atunze kumbukumbu zake miaka mitano, na ofisa wa kodi akija, diski iliyokufa si kumbukumbu. Gharama unayomwomba kwa sasa ni diski mbili, ya ndani na ya nje. Mwandikie pia kwa ujumbe, siku hiyo hiyo, tarehe ionekane. Si kumtega, ila maneno ya stoo hupotea na wewe ndiye karani.

Na plasta.

Umeiweka mwisho wa barua, baada ya mafundi, tajiri na friza, nami nimeona ndiyo inayokunyima usingizi. Mwambie. Mwambie kabla ya Jumamosi, si baada ya kufaulu, maana ukifaulu utajisemea haina haja tena, na ukishindwa ataigundua mwenyewe akiwa na hasira. Huhitaji hotuba: "Tajiri, taa ya hatari ilikuwa inawaka, nikaiziba kwa sababu nilichoka kuulizwa. Nilikosea." Uliripoti mara ya kwanza, na hilo usilifute katika kujilaumu. Miezi minane ya kungoja ni yake. Ila taa ile haikuwekwa kwa ajili yako peke yako. Iliwekwa kwa kila anayeingia stoo, na kila aliyekuuliza "hii nini?" alikuwa anakusaidia kumsumbua tajiri. Kumi wangeuliza, wa kumi na moja angekuwa mkewe, na diski ingenunuliwa jioni hiyo.

Atafoka, nadhani. Acha afoke. Wewe utakuwa na karatasi mkononi na mpango wa Jumamosi, na yeye hana mwingine wa kumwachia stoo.

Jambo la mwisho ni ile diski iliyokufa kwanza. Najua bado imo kwenye nafasi yake, hakuna aliyehangaika kuitoa. Itoe. Usiitupe wala usimuuzie fundi wa vipuri, ina majina na madeni ya watu ndani. Kama bado inasomeka, ina duka lenu lilivyokuwa siku ilipotoka kwenye kioo, na hiyo ni akiba yako ya mwisho iwapo Jumamosi itakwenda vibaya. Ila isirudi kamwe kwenye seva: kadi ikikosea kuamua nani mkubwa, inaweza kuandika ya miezi minane iliyopita juu ya ya leo. Itie kwenye bahasha, andika kwa wino mzito ISIRUDISHWE, na kwa kufungia mdomo wa bahasha tumia ile plasta.